Maji ya Abu Mina

Tangu nirudi Dar es Salaam, kila ninapokutana na mmoja wenu huniuliza safari ilikuwaje. Mimi hujibu kwamba ilikuwa nzuri, kisha nageuza mazungumzo. Wiki iliyopita mliniuliza watu watatu siku moja, na wa tatu akaongeza kwamba nimekonda. Basi naandika mara moja, msome wote, tusirudie tena. Habari za pasi, tiketi na sindano za kinga siziandiki, kwa kuwa hazina ladha. Wala mkutano wa waandishi ulionipeleka Misri siuelezi. Tulikaa siku nne, tukakubaliana kwamba mwandishi ana wajibu, tukapigwa picha.

Ila lazima nianze na kosa langu, maana bila hilo safari yenyewe haieleweki.

Zamani, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niliandika makala katika gazeti dogo la kanisa kuhusu mahali paitwapo Abu Mina, jangwani, nje ya mji wa Iskanderia. Katika karne za mwanzo za Ukristo alizikwa huko Mina, askari aliyeuawa kwa kukataa kuikana imani yake. Inasimuliwa kwamba ngamia waliobeba maiti walifika pale wakagoma kwenda mbele, basi akazikwa hapo hapo. Baadaye wagonjwa wakaanza kumiminika kutoka kila upande. Likajengwa kanisa la marumaru, nyumba za wageni, mabafu, mwishowe mji mzima. Kila hujaji alirudi kwao na kichupa cha udongo wa kuchoma, kimechorwa mtakatifu kati ya ngamia wawili, na ndani yake maji.

Hayo yote ni kweli, niliyasoma maktaba. Lakini makala ilipungua robo ukurasa. Nikaijazia ya kwangu: kwamba kisima cha Abu Mina kinatoa maji hadi leo, baridi na matamu, na kwamba mwenye maradhi ya macho akinawa maji yale asubuhi saba mfululizo, kabla hajasema na mtu, huona. Niliipenda hasa hiyo "kabla hajasema na mtu". Ilikuwa na mwendo mzuri.

Mama yangu hajui kusoma. Dada yangu Salome alimsomea makala ile, mara ya kwanza kwa sababu ni yangu, mara zilizofuata kwa sababu mama alitaka kuishika kichwani. Akaishika yote. Miaka mingi baadaye, macho yake yalipoanza kufa, dawa alikuwa nayo tayari. Mtu wa kuifuata tu ndiye aliyekosekana.

Kutoka Kisanga kwenda Kilosa

Kwetu ni milimani, juu ya Kisanga. Nilipanda kwenda kumuaga mama kabla ya safari, nikamkuta amekaa kwenye kigoda uani, uso ameuelekeza jua. Daktari wa misheni alikuwa amekwisha kusema lake, kwa upole: ugonjwa umeyala macho toka ndani, na kilichobaki ni mwanga tu. Mchana mama alitofautisha mlango na ukuta, basi.

Na kulikuwa na jambo la pili. Watu wote wa mlimani walikuwa wameambiwa kwamba kabla ya mvua zinazofuata watahamia kijiji kipya cha ujamaa, chini, karibu na barabara. Viwanja vilikwisha kupimwa kwa kamba, vimenyooka kama matuta ya shule. Majirani wengine walinung'unika, wengine walifurahia kusogea karibu na zahanati. Mama hakunung'unika wala kufurahi. Alisema atahama siku watakayo, ila aione kwanza nyumba aliyoijenga na marehemu baba, na kaburi lake nyuma ya migomba.

"Siwezi kuaga kitu nisichokiona," aliniambia. "Nitakuwa nimeondoka kama mwizi."

Nilijaribu kumwambia ukweli. Nilianza mbali, kama tunavyoanza sisi tuliosoma.

"Mama, ile makala niliiandika nikiwa kijana."

"Najua. Ulikuwa huli vizuri."

"Huenda kisima kimekauka siku hizi."

"Wewe uliandika hakikauki."

"Niliandika mambo mengi, mama."

"Hilo ndilo zuri kuliko yote," akasema, akanishika mkono, akaupapasa kama anatafuta mahali uliponenepa.

Salome alinisindikiza hadi kwenye mteremko, mzigo wangu kichwani mwake kwa sababu alikataa niubebe. Salome ni mkubwa wangu kwa miaka sita na hana subira na maneno. Aliuweka mzigo chini akasema kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza, maana namjua Stefano, alisema, kana kwamba Stefano ni mtu mwingine asiyekuwepo pale.

"Ukirudi mikono mitupu utamwambia mwenyewe," akasema. "Mimi nimekwisha kumsomea vya kutosha."

Njia ya Mikumi ilikuwa imeharibiwa na mvua, basi nikapanda lori la mahindi kwenda Kilosa nikapate treni ya Dar es Salaam. Tulikwama kwenye tope mara tatu. Mara mbili za kwanza nilishuka kusukuma. Mara ya tatu dereva aliniomba kwa heshima nibaki juu ya magunia, kwa kuwa nikishuka naongeza kazi.

Kilosa, kungoja treni

Mto Mkondoa ulikuwa umekula tuta la reli. Mkuu wa stesheni, mtu mpole mwenye sauti ya kuongozea mazishi, alitangaza kwamba treni itakuja ikiwezekana kuja. Tuliingoja siku mbili.

Mbele ya stesheni kulikuwa na mama mmoja aliyeuza chai na vitumbua, ambaye ukoo wake ulikuja zamani kukata mkonge. Siku ya kwanza alinihudumia kama abiria. Siku ya pili alianza kunihoji kama jirani. Aliuliza nakwenda wapi. Nikasema Misri.

"Kwa Farao?"

"Huko huko."

Akakoroga chai muda mrefu. "Wana wa Israeli walihangaika miaka arobaini kutoka huko," akasema, "wewe unalipa nauli kuingia."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka, na kwa sababu nilikuwa nimechekesha bila kutaka nikajisikia vizuri kidogo. Akauliza nafuata nini. Hapo ningeweza kusema. Mbele yangu alikuwapo mtu nisiyemjua, ambaye nisingemwona tena, na kikombe cha moto. Nikasema nakwenda mkutanoni. Akasema aa, mkutano, kwa sauti ya mtu ambaye mwaka huo amehudhuria mikutano mingi, akamgeukia mteja mwingine.

Treni ilikuja jioni ya siku ya pili, ikiwa imejaa watu walioonekana kuwa wamezaliwa humo.

Iskanderia, mlinzi wa mlango

Mkutano ulipokwisha Kairo, wenzangu walikwenda kuona mapiramidi. Mimi nilikwenda Iskanderia. Vita vilikuwa vimepita juzi tu, askari walikuwa kila kona, na kwenda jangwani kulihitaji ruhusa. Nikaambiwa ningoje kwenye nyumba ya wageni, ghorofa ya nne, karibu na bahari niliyoisikia lakini sikuiona, kwa sababu dirisha langu lilitazama ukuta.

Chumba kilikuwa na baridi. Nikawa nashuka kukaa kwenye kiti mlangoni, penye jua. Siku hiyo hiyo bibi mmoja alinipa funguo zake. Bwana mmoja akaniamkia kwa kichwa, akaniachia barua. Bibi wa pili aliweka miguuni pangu kreti ya nyanya, akaonyesha juu kwa kidole. Nilifikiri jinsi ya kumweleza kwamba mimi ni mwandishi, mjumbe wa mkutano wa bara zima, nikaona kupandisha nyanya ni rahisi zaidi. Nikazipandisha hadi ghorofa ya tatu. Alinipa mkate.

Kiti kile kilikuwa cha mlinzi wa mlango, Mnubi aitwaye Idrisi, mweusi kama mimi, aliyekuwa amekwenda msikitini. Aliporudi akanikuta na funguo, barua na mkate, alicheka hadi akashika ukuta. Tuliongea kwa Kiingereza chake cha melini, na kwa maneno machache ya Kiarabu ambayo Kiswahili kilinipa bure. Akaleta kiti cha pili. Toka hapo tulilinda wote.

Mchana alinikaribisha chakula chumbani kwake chini ya ngazi. Asubuhi zote nilikuwa nikila maharage yaliyopondwa na mafuta na ndimu, nikiyasifu. Siku ile alifunua sufuria, na ndani mlikuwa na mlenda. Wao wanauita jina lingine, wanautia vitunguu saumu vingi, lakini ulikuwa mlenda, unavutika vile vile, na harufu ile ile ya jikoni kwa mama. Idrisi aliuliza kama chakula ni kibaya, maana niliacha kula. Nikamwambia kwetu pia upo.

"Basi mbona huli?"

Nikamweleza. Nyinyi wote hamkuijua habari hii hadi leo, na mlinzi wa mlango wa Iskanderia aliisikia wa kwanza. Nilimwambia habari ya mama, ya makala, ya robo ukurasa. Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema ni vibaya wala si vibaya. Alisema mama yake alifia kwenye kijiji ambacho sasa kiko chini ya maji ya bwawa kubwa la Naili, na kaburi lake limezama nacho, kisha akanisogezea sahani.

Abu Mina

Ruhusa ilipopatikana nilipanda treni ya polepole kwenda magharibi, nikashushwa kwenye kituo kidogo chenye mtini mmoja na mbuzi. Hapakuwa na gari ila lori la tangi lililokuwa likielekea kwenye nyumba ya watawa iliyojengwa upya karibu na magofu. Dereva alinionyesha nikae juu. Nikakaa juu ya tangi la chuma, kofia mkononi, jangwa pande zote, jeupe na tambarare, na njia nzima nikahisi kitu kikigonga-gonga na kuchezacheza chini yangu. Sikujiuliza ni nini. Nilikuwa nikifikiria kisima.

Mtawa aliyenipokea alikuwa mfamasia hapo zamani. Alikuwa na ndevu hadi kifuani, na bado alimtazama mtu machoni na ulimini kabla ya salamu. Alinipa chai, mkate mgumu na zeituni, kisha akanipeleka kwenye magofu kwa miguu.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimepajua mahali pale kwa miaka mingi kuliko ninavyowajua nyinyi. Nguzo zilikuwa zimelala mchangani kama magogo baada ya mafuriko. Msingi wa kanisa ulionekana, mkubwa kweli, na ngazi za marumaru zilizolika katikati, zikishuka hadi kwenye kaburi la shahidi. Zililiwa na miguu. Hilo lilinigusa zaidi ya yote: kwamba miguu mitupu ya wagonjwa inaweza kulila jiwe. Kila mahali palikuwa na vigae vya vile vichupa. Niliokota kimoja. Kilikuwa na ngamia nusu.

Nikamwuliza kisima kiko wapi.

Alinipeleka pembeni, kwenye shimo lililozungushiwa mawe. Mchanga ulikuwa umelijaza karibu lote, na mbwa wa jangwani alikuwa amelala ndani kwenye kivuli. Alitutazama, akalala tena. Mtawa aliokota kokoto akaitupa kando ya mbwa. Haikutoa sauti yoyote.

"Nani alikuambia kuna maji?" akaniuliza.

"Nilisoma."

"Katika kitabu gani?"

"Si kitabu. Ni makala."

"Aliyeiandika alifika hapa?"

"Hapana," nikasema. "Hakufika."

Akatikisa kichwa. "Mtu huyo amwogope Mungu," akasema, bila hasira, kama daktari anayemshauri mtu aache chumvi.

Nilikaa kwenye nguzo. Sikulia, msije mkasema baadaye kwamba nililia. Nilihesabu tu. Treni, ndege, treni, tangi, na mwisho wa yote kokoto isiyo na sauti. Nikamwambia kwamba mama yangu ni kipofu na ananingoja na maji. Sikumwambia kwamba makala ni yangu, lakini nadhani kufikia hapo alikuwa ameona.

Tuliporudi alinitolea chupa ya dawa ya kioo cha kahawia, akaisafisha, akaenda kwenye bomba uani akaijaza. Kisha akaiombea, kwa lugha ya kale ya kanisa lao, kirefu sana. Aliponikabidhi alisema hataki kunidanganya. Maji yale huletwa kwa lori kutoka mjini, na mimi mwenyewe nilikuja nimeyakalia.

"Lakini hata wale wa zamani," akasema, "wengi walichota maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye mabirika ya mawe ardhini. Hayakutoka mbinguni kwa njia nyingine yoyote. Walikuja, wakaomba, wakachukua walichopewa."

Ningependa kuwaandikia kwamba maneno hayo yalinifariji. Usiku mzima niliyarudia kitandani kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha. Asubuhi nikaifunga chupa ndani ya soksi, nikaanza kurudi.

Mikumi

Kutoka Dar es Salaam nilipanda basi la Iringa, nishuke Mikumi. Dereva aliitwa Mhoja, Mnyamwezi mnene mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, babu yake alikata mkonge Kimamba. Tulipofika Morogoro aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia, basi ikawa vita. Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani toka enzi za misafara. Mtani atakutukana, atakunyang'anya, atakuja msibani kwenu acheke, na hasira hairuhusiwi. Atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

"Msagara!" alipaza sauti basi zima lisikie. "Babu zetu wakipita na pembe za ndovu, babu zako walikuwa wanajificha milimani kama pimbi."

Nikamjibu kwamba babu zake walipita kwa sababu walikuwa wapagazi, na babu zangu walikaa juu wakitazama wajinga wanaobeba mizigo ya watu. Abiria wakapiga makofi. Akaninyang'anya kofia akaivaa. Nikamlia korosho zake. Yalikuwa masaa yangu ya kwanza ya furaha tangu nitoke nyumbani, na ni vizuri nikiri, maana ndiyo yaliyoniponza.

Katikati ya hifadhi ya Mikumi rejeta ikachemka. Mvuke ulifunika kioo. Mhoja alisimamisha basi mahali ambapo upande mmoja palikuwa na nyati wengi, na upande mwingine twiga watatu waliotutazama kwa masikitiko. Kushuka ni marufuku, na hakuna aliyetaka. Mhoja akapita kiti kwa kiti akiomba maji. Mama mmoja alitoa chai ya chupa. Mzee mmoja alitoa kibuyu. Havikutosha. Mimi nilikuwa nimeukalia mkoba wangu.

"Msagara, una nini humo?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani. Jibu lilikuwa maneno manne tu: ni maji ya mama. Lakini basi zima lilikuwa likinitazama, likingoja kucheka. Nilikuwa nimewaambia nimesoma chuo kikuu, na nusu saa iliyopita nilikuwa nikiwaeleza, kwa majivuno, kwamba imani nyingi za wazee wetu ni ujinga wa kukosa shule. Nikaona aibu kutoa maji ya mtakatifu ndani ya soksi.

"Pombe ya Farao," nikasema.

Walicheka sana. Mhoja akauvuta mkoba, akaitoa soksi, akaitoa chupa, akanusa. "Maji! Jamani, mtani ananificha maji, tufe na nyati!" Akaenda nayo mbele. Nikanyanyuka, nikawaruka watu na mizigo. Nilipofika, alikuwa amekwisha kulifunua boneti lililo ndani ya basi, kando ya usukani, na nikamwona akiikung'uta chupa ili lisibaki tone.

Nami nikacheka. Ndivyo inavyotakiwa. Nilicheka na basi zima, na Mhoja akanipiga begani, na gari likawaka.

Kwenye kituo cha Mikumi wengine walishuka kununua mishikaki. Mhoja alinirudishia kofia na chupa, akanitakia safari njema. Hapo ndipo nilipomwambia, pembeni ya gurudumu, kwa sauti ndogo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sikuwa na chochote tena cha kuficha.

Utani wote ulimtoka usoni. Aliichukua chupa, akaenda kwenye bomba la mtaani, akaisuuza mara tatu, akaijaza, akaifunga. Kisha alisimama mbali kidogo na watu, ameishika kwa mikono yote miwili, midomo ikicheza. Yeye ni Mwislamu, nadhani alisoma alichokijua. Aliponipa, alinipa kama unavyompa mtu mtoto mchanga.

"Mama hana mtani," akasema. "Mwambie ni maji yake. Usiseme zaidi."

Mlimani

Nilipofika juu, nusu ya nyumba zilikuwa hazina paa. Watu walikuwa wakibomoa na kushusha miti na mabati kijijini, na njia nzima nilipishana na milango inayotembea kwa miguu ya watu. Salome alinitazama usoni, akatazama chupa, akaenda jikoni.

Mama aliipokea akainusa.

"Yananuka gari," akasema.

"Yametoka mbali, mama."

"Najua yalikotoka," akasema, na sikujua anajua nini.

Alianza kesho yake. Kila asubuhi kabla ya jua, kabla hajasema na mtu, alitoka uani akakaa kwenye kigoda. Salome alimmiminia kiganjani kidogo kidogo, na mama akanawa macho, taratibu, kama nilivyoandika. Mimi nilisimama kando nikiitazama sentensi yangu ikifanywa na mikono ya mama yangu. Kila asubuhi, majirani walikuwa wamepungua. Jogoo waliacha kuitikiana. Siku ya nne niliamka nimekata shauri kumwambia, nikamkuta amekwisha kukaa, amefumba midomo kwa nguvu kama mtoto anayeogopa kuharibu mchezo. Nikarudi ndani.

Asubuhi ya saba tulikuwa tumebaki sisi tu. Lori la kutuhamisha lilikuwa lije mchana, na mchungaji wetu, mzee kuliko mama, alikuwa ameahidi kupanda aje aombe nasi kaburini kabla ya kuondoka. Salome alikuwa amelifua koti langu jeusi lililochafuka safarini, amelitundika kwenye mwimo wa mlango lipate upepo.

Mama alinawa. Alijifuta kwa khanga. Akaugeuza uso nyumbani kwake, upande wa mlango, akaukazia macho. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yetu. Tulingoja aseme.

"Shikamoo, mchungaji," akasema.

Njia ilikuwa tupu. Mlangoni palikuwa na koti.

Huko kwetu shikamoo ya mtu haiachwi hewani. Kumwachia mtu mzima salamu yake mkononi ni kumwambia kwamba hayupo. Na mzazi hampi mwanawe shikamoo, wala mwana haipokei. Hilo halijatokea, hata walevi hawalifanyi kwa mzaha. Mama alikuwa amenyoosha shingo akingoja, mikono amekutanisha magotini, tabasamu likianza kusita pembeni. Salome alinitazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja chenye maji.

Nikakohoa. Nikaishusha sauti yangu hadi ikawa ya mtu mzee.

"Marahaba," nikasema.

Tabasamu la mama likarudi lote. Akamwambia Salome alete kiti, mgeni asisimame. Salome akaenda ndani, akaleta kiti, akakiweka mbele ya koti.